Adhana Waliyokunyang'anya

Baba yangu mpendwa,

Asubuhi hii ukungu umeshuka kutoka milima ya Uluguru mpaka kwenye mabati ya mtaa wetu wa Mafiga. Muadhini mpya wa msikiti ameadhini harakaharaka, kama mtu anayewahi gari. Nimekukumbuka, nikakasirika.

Nilikuwa mdogo ulipokuwa ukinishika mkono kwenda msikitini kuadhini. Ulisema adhana haitaki nguvu, inataka utulivu. Kisukari kilikuwa tayari mwilini mwako, nasi tulidhani ni ugonjwa wa miguu na macho tu.

Kisha, mimi nikiwa mtu mzima, siku moja ukaadhini magharibi, ukatia na maneno ya adhana ya alfajiri, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Watu wakacheka. Wiki iliyofuata ulikwama katikati ya adhana. Mwenyekiti wa msikiti akaja nyumbani, akasema kwa upole kwamba mzee apumzike. Alipofika uani akaniuliza kama siku hizi unaonja pombe, maana pumzi yako ilikuwa na harufu ya matunda yaliyochacha. Wewe, baba, ambaye hata togwa isiyolevya ulikuwa ukiiogopa.

Daktari ndiye aliyenifafanulia. Harufu ile ilitokana na sukari iliyopanda mno. Na sukari ya miaka mingi ilikuwa imeharibu mishipa midogo kichwani, sehemu za ubongo wako zikawa haziwasiliani vizuri. "Maneno bado anayo," alisema. "Njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika."

Nilikwenda kumweleza mwenyekiti. Akanijibu kwamba amesikia, ila watu wameshazungumza.

Ukawa unakaa barazani, midomo ikicheza kila wakati wa sala. Jina langu ulilisahau, ukaniita Zuhura, dada yako aliyefia Mlali. Lakini kuondolewa kwako hukukusahau.

"Nimewakosea nini?" uliniuliza.

Nikakuambia hujawakosea kitu. Ukatulia. Kabla sijamaliza kukumenyea chungwa, ukauliza tena.

Siku ya msiba wako mwenyekiti alisimama mbele ya watu akaisifu sauti yako, akasema msikiti umepata pengo. Pombe hakuitaja. Baadaye akaja upande wa wanawake kunipa pole, akasimama akingoja shikamoo yangu. Nilimtazama mpaka akageuka akaondoka. Wewe ulinilea niamkie kila mkubwa, najua ungenikemea. Nikemee tu, baba. Yule simwamkii tena.

Mungu akulaze pema.

Binti yako,
uliyemwita Zuhura