Mguu wa Rasoa Dirishani

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Dada Roda,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na Mama aliyeketi karibu nawe ukimsomea haya. Je, kifua chake kimepoa? Mvua ya mawe iliwaachia mahindi yoyote? Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi ananilisha mpaka naona haya. Lakini nina hasira, Dada, na nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani?

Unalijua duka letu la vitabu kwa barua zangu. Mbele tunauza vitabu vipya na santuri. Nyuma kuna rafu ya kuazimisha vitabu vya Kiswahili, nayo ndiyo kazi yangu. Kitabu kikirudi nakikung'uta, kwa kuwa watu huweka alama kwa chochote kilicho karibu na mkono: unyoya wa kuku, tiketi ya basi, njiti ya kiberiti, jani la mkaratusi. Wazungu nao wanaazima vya kwao, na wana alama zao: maua makavu, kadi za mialiko, na mmoja aliacha kipande cha nyama ya nguruwe. Vyote naviweka katika sanduku mpaka mwenyewe arudi. Sijapata kutupa hata kimoja. Mtu akiacha alama ukurasani amesema atarudi, na mimi nani nimkatalie?

Wiki iliyopita Memsahibu mwenye duka alilipanga upya dirisha la barabarani. Juu aliweka vitabu vipya, katikati santuri mpya, na chini ubao wenye maandishi makubwa ya kuwaonyesha wapita njia alama za wasomaji wetu. Akalimwaga sanduku langu mezani. Vitu vya Wazungu akavitia katika bahasha na kunituma posta, kila bahasha na neno la kuomba radhi. Hata ile nyama, Dada! Vya kwetu akavibandika ubaoni, kila kimoja juu ya kadi yake, na chini yake mzaha. Chini ya unyoya: "Chakula cha jioni cha msomaji." Chini ya kijiti kikavu: "Huyu alikuja na ng'ombe wake." Watu wakawa wanasimama na kucheka, hata watu wetu, hawajui wanajicheka wenyewe.

Jumamosi akaja Bwana Shem. Huyu ni mpishi katika nyumba moja ya Loresho, na ni mtu wa kwetu. Mama yake anakaa nyuma ya lile kanisa la mtoni unalopita ukienda sokoni. Ndiye anayemlea Rasoa, binti yake Bwana Shem.

"Dada, kile kitabu nilichorudisha, hukuona kijiti cha bua la wimbi?" akaniuliza.

"Cha kazi gani?"

"Ni mguu wa Rasoa."

Nikaelewa mara moja, kama wewe unavyoelewa. Bibi alipima mguu wa mtoto kwa bua, akalikata sawasawa, akampa msafiri wa gari la moshi amletee baba yake huku. Bwana Shem akalitia kitabuni lisivunjike, na papo hapo likamshikia ukurasa. Krismasi anapata likizo. Rasoa anaanza shule mwaka mpya, na baba yake alimwahidi viatu.

Nilimpeleka nje dirishani. Kijiti kilikuwepo. Lakini kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko kadi yake, Memsahibu alikuwa amekikata ncha zote mbili kwa mkasi, kikaenea vizuri.

Bwana Shem alikitazama sana. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Aisee, huyo wa nyasi ni ndugu yako?"

"Ni mtoto wangu," akajibu bila kugeuka. Wakazidi kucheka.

Nikaingia ndani. Memsahibu alikuwa akimpigia mteja santuri mpya. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa mguu wa mtoto.

"Hiyo nyasi tu," akasema. "Iko nyasi mingi huko nje. Yeye nachukua ingine."

Anajua nilikosoma, Dada, lakini hajawahi kusema nami Kiingereza. Basi mimi nikamjibu kwa Kiingereza, kile kile tulichofunzwa kwa kiboko: nyama ya nguruwe nayo iko nyingi buchani, lakini ile uliiandikia barua ya kuomba radhi.

Mteja aliangua kicheko. Memsahibu akawa mwekundu. "Wewe nasoma sana. Sasa najua jibu memsahib." Santuri ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza tu, na hakuna aliyeiinua.

Nikaenda dirishani nikabandua vya watu wetu vyote. Hakunizuia, kwa vile mteja alikuwa akitazama. Lakini nimeambiwa kuanzia kesho niko stoo, kufungua makasha ya santuri, na nikijibu tena nifungashe. Rafu yangu imefunikwa shuka. Nimelala na hasira na kuamka nayo, na leo kanisani sikuimba.

Sasa nakuomba jambo. Nenda kwa bibi yake Rasoa. Mweke mtoto asimame juu ya karatasi, asikae, maana mguu wa kukaa ni mfupi. Zungusha penseli, ongeza upana wa kidole gumba wa kukulia, ukate, unitumie kwa posta wiki hii hii. Karatasi haivunjiki, na safari hii itapita mikononi mwangu tu.

Msalimie shemeji mwalimu, mjomba fundi wa baiskeli, na yule wifi yetu mwenye mapacha. Mama, nakushika mkono kwa mikono miwili.

Ni mimi mdogo wako,
Perisi

Dada, ukurasa huu wa nyuma soma peke yako. Chukua karatasi mbili. Mwombe Mama mfuatane, na mkifika mwambie asimame yeye kwanza, amwonyeshe mtoto kwamba penseli haiumi. Ukimwambia ni viatu atasema viatu ni vya watu wa ofisi, kama alivyosema siku ile aliponisindikiza bweni pekupeku, mimi nimevaa vipya. Zungusha taratibu, pale kwenye nyufa za kisigino usimtekenye. Akiuliza, mwambie ni alama ya kitabu changu.