Rimu ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe kapiga simu mara tatu kabla sijavaa viatu. Gari lake la spoti, lile jekundu la viti viwili, anataka chama chetu cha magari ya kale kiliandike kwenye rejista: halisi, kila kitu, mpaka rimu. Mkaguzi wa chama ni mimi. Nikamwambia tutafute mwingine, sisi ni ndugu, watu watasema. Akacheka. Eti waseme nini, rimu ni zilezile zilizokuja na gari miaka thelathini na minne iliyopita. Hata akiwa kipofu atazijua kwa kuzipapasa. Nimekubali shingo upande.

Jumatano, 6 Machi

Gereji yao inanukia sabuni. Mzee anazisugua rimu kwa mswaki kila Jumamosi – na mswaki una ndoano yake ukutani! Nikapiga jeki, nikafungua ya mbele kushoto, nikaigeuza.

Nyuma ya rimu ya asili namba imevimba, imetoka kiwandani pamoja na rimu yenyewe. Ukipitisha kidole unaikuta. Hapa kidole kilizama. Namba imegongwa baadaye, kwa nyundo. Nikafungua ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zote za kuiga.

Kwenye buti, chini ya magunia, iko ya spea. Vumbi tupu, haijawahi kuona mswaki. Namba imevimba. Ya asili!

Mzee yuko nyuma yangu, vipi mkwe? Nikasema mwanga hautoshi, nitarudi Jumamosi. Na hapo ni saa sita mchana, jua la utosi!

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu kaniona nazunguka meza, nikamwambia. Kwa hiyo baba ni mwongo? Hapana, kaibiwa. Nina hakika ni yule fundi wake wa zamani. Nimeshaandika nusu ya barua ya kumshtaki. Mke wangu akampigia mama yake, kumpa pole.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kaja ofisini. Hajawahi kuja. Akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

Fundi hana kosa, akasema. Miaka thelathini na miwili iliyopita mzee alisafiri kikazi wiki mbili. Yeye mama akachukua ufunguo bila ruhusa, akalitia gari mtaroni. Rimu mbili zikapinda. Fundi hakupata mbili za asili, basi akafunga nne za kuiga ili zifanane, akazigonga namba. Mzee akarudi, akamshukuru mkewe kwa kulitunza gari!

Tangu siku hiyo mama hajagusa usukani. Na mzee anamtania kila tukikutana, mama yenu anaogopa hata baiskeli. Sisi tunacheka. Mimi nimecheka miaka tisa.

Akaniomba nisaini tu, yaishe.

"Mwanangu, miaka yote hiyo. Nianzie wapi?"

Nikisaini, jina langu kwenye kazi hii limekwisha. Nisiposaini, nimeingia kati ya watu walionipa mke. Nimekasirika, kusema kweli. Kwa nini iwe mimi? Nikararua barua ya fundi mbele yake. Nikamwambia, mama, uongo sisaini. Lakini kesho mzee ananisubiri saa nne, na mimi nitachelewa nusu saa.

Akanitazama. Akafunga mkoba, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne na nusu. Nimefika – mama hajasema! Kaandaa chai kwa vikombe vya wageni. Mzee kavaa tai. Fomu iko mezani, kalamu juu yake. Nimeomba choo. Naandika nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Mzee anaita, mkwe, umezama huko?

Mama anamwambia akae kwanza. Anamjibu atakaaje, leo Jumamosi, rimu hazijasuguliwa.

Kikombe kinawekwa mezani.

"Basi chukua mswaki wako," anasema mama. "Na ufunguo wa buti. Kuna moja hujaisugua hata siku moja. Isugue nyuma, upande wa namba, kisha uzipapase zile nne."

Hatua za watu wawili. Dirisha la hapa linatazama gereji, lakini liko juu, sioni kitu. Buti limefunguliwa. Magunia yanaanguka.

Nasikia mswaki. Unakwenda polepole. Unakwenda.

Umesimama.