Kumfundisha Mtu Kuwa Kaka

9 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena vituko vyake. Mimi mzima, ila chuo kinanikimbiza.

Wazo langu la filamu limekataliwa. Nilitaka kumfuata mzee mmoja anayetengeneza mizani hapa sokoni, anavyogombana na kila mwenye duka. Walimu walinisikiliza huku wakipiga miayo. Mmoja akaniuliza, "Wewe mwenyewe kimekuuma nini?" Nikajikuta nawasimulia habari za marehemu kaka, feni mbovu alizokuwa akitengeneza, figo zake, ule mwaka wa hospitali. Miayo ikaisha. Wakasema filamu ndiyo hiyo, na nikileta nyingine nisitegemee kupewa kamera.

Bila filamu simalizi chuo, mama. Naomba ruhusa yako.

Mwanao, kitindamimba wako

21 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale, tumeshazoeana. Nashona mapazia ya hoteli, marefu mpaka nayapoteza ncha. Shangazi yako anakusalimu. Amegombana na jirani tena, safari hii kisa ni kamba ya kuanikia nguo.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Jibu ni hapana. Dunia imejaa vitu vya kupiga picha. Shangazi yako peke yake anatosha filamu tatu na za akiba. Hao walimu wako kwani hawapendi kucheka?

Picha za kaka yako ziliharibika zote bati lilipovuja, unajua. Nilichobaki nacho ni kilichomo kichwani. Nikiwa kwenye cherehani namwita, anakuja, anakaa mlangoni na bisibisi yake akinung'unika. Sina kingine cha kwake. Usinitake nikitoe nje kitembezwe.

Mama yako

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mapazia.

Nilifanya ulivyosema, niliwapelekea habari za shangazi. Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha wakafuta midomo na kuniuliza, "Na kaka yako je?"

Hebu lifikirie hivi. Ulivyonavyo kichwani vinapungua, na siku moja mimi na wewe hatutakuwapo. Filamu hailowi bati likivuja. Nimempata kijana mwigizaji, urefu ni uleule, mabega ni yaleyale. Anataka kuja kukaa kwako umfundishe, kwa sababu hakuna anayemjua kaka kukuzidi. Nakuomba, mama. Sitamharibu.

Mwanao

18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Umenishinda kwa hilo la bati. Tangu utotoni ulikuwa na mdomo wa wakili.

Mlete huyo kijana. Alale chumba cha kaka yako, nimeshapiga deki. Ila mwambie mimi si mwalimu wa kubembeleza.

Mama yako

12 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, na hata mgongo sijausikia siku hizi.

Kijana wenu alifika akitembea kama karani wa benki. Nilimfumua nikamshona upya. Nimemfundisha kuburuza mguu wa kushoto, kukunja mikono ya shati mara moja tu, kunung'unikia chakula huku anakimaliza. Akikosea, narudisha. Shangazi yako anasema nimemchosha mtoto wa watu, lakini mwenyewe anataka, anauliza mpaka namna kaka yako alivyokuwa akifunga mlango.

Jana nilikuwa nimeinama kwenye kitambaa, nikasikia nyuma yangu, "Mama, hivi humu ndani watu huwa hawali?" Nikamjibu, "Subiri, nina mkono wa tatu?" Ndipo nikageuka. Nililia kidogo, lakini kilio kizuri, usiwe na wasiwasi.

Kucheka tu ndiko kulikomshinda. Kaka yako alichekea puani. Huyu anafungua kinywa chote kama dirisha. Atajifunza.

Mnapiga picha lini? Nimeshapaka rangi barazani.

Mama yako

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Nyumba imekuwa kimya baada yetu kuondoka? Kila mtu huku anakuulizia, hata mshika taa.

Sasa naunganisha vipande. Walimu wamevitazama na wamesema mambo mawili. La kwanza, kicheko cha kinywa wazi kibaki, kinapendeza kwenye kamera. La pili ni pale hospitalini. Wanasema mgonjwa anayetukana manesi hakuna atakayemhurumia, na filamu ya ugonjwa isipohurumiwa haina kitu. Kwa hiyo matusi nimeyakata. Mwishoni, sehemu tuliyoipiga huku, anamshika mkono mwanamke anayeigiza nafasi yako na kumshukuru. Kijana amelicheza vizuri mno, utaona. Usijali mama, ni filamu tu.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Kama alitukana manesi, alitukana. Alikuwa na maumivu, na mkali alizaliwa hivyo. Mimi nilimpenda na ukali wake.

Yarudishe matusi ya mwanangu.

Mama yako

5 Septemba

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kimya changu. Nilikosa namna ya kukuandikia. Hayakuweza kurudi, kazi ilishapitishwa.

Nimefaulu, mama. Nimekuwa wa kwanza darasani. Filamu itaonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa mwezi ujao, na gari litakuja kuwachukua wewe na shangazi. Vaa lile gauni la bluu. Naomba usininunie siku hiyo moja.

Mwanao

27 Oktoba

Mwanangu,

Hongera. Pale ukumbini sikukupongeza vizuri kwa sababu watu walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kunikumbatia.

Mimi na shangazi yako tuliketi mstari wa mbele. Watu walilia, nasi tukalia. Kijana wenu aliponishukuru na kufumba macho, nililia kuliko nilivyolia mazishini. Kaka yako hakunishukuru, mwanangu. Siku ile alinifukuza chumbani kwa sababu nilifungua dirisha, na niliporudi alikuwa ameshaondoka. Ni kumbukumbu mbaya, lakini ilikuwa yangu na yeye.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye cherehani nikamwita. Aliyekuja ni kijana wenu, kinywa wazi, mpole, ananishukuru. Nikamfukuza. Nikaita tena, nikataja jina kamili alilopewa na baba yenu, akaja yuleyule. Sasa ni kila siku. Nalala mchana nikidhani nitamwota, namwota huyo.

Sikulaumu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilijivuna. Lakini nimempoteza mtoto mara ya pili, na safari hii hata kaburi halinisaidii.

Wewe ulikuwa na macho makali tangu mdogo. Niandikie uso wa kaka yako ulivyokuwa. Habari nyingine zote acha. Uso tu. Nasubiri barua hiyo.

Mama yako

14 Desemba

Mama,

Shikamoo. Sikukawia kwa kukusahau. Nimeketi na barua yako tangu iliponifikia, na karatasi nilizochana zimejaa chini ya meza.

Nilianza na kovu juu ya nyusi ya kulia. Nikafurahi, nikasema nimempata. Kisha nikakumbuka kwamba lile kovu tulimchora kijana kwa rangi kila asubuhi kabla ya kazi, na sasa sijui kama tulilichora kwa sababu kaka alikuwa nalo au kwa sababu lilipendeza kwenye kamera. Nikajaribu masikio, nikajaribu meno. Nimeitazama filamu mara nyingi mno kuliko nilivyomtazama kaka, mama. Mimi ndiye niliyekata, nikaunganisha, nikarudia, na kila nikifumba macho vinanijia vile vipande nilivyovichagua. Vile nilivyovitupa siwezi kuvikumbuka.

Walimu wameniuliza filamu ijayo itahusu nini. Niliwarudishia kamera yao nikaondoka.

Nisamehe. Hata mimi anayenijia ni yuleyule. Ningekuambia umuulize shangazi, lakini alikuwa ameketi pembeni yako ukumbini, na alilia na sisi.

Mwanao