Kiwanja cha Kaskazini

Antananarivo, 14 Februari

Mpendwa mdogo wangu Ratsimba,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu. Naomba unisamehe kwa kukaa kimya tangu msimu wa kupanda mpunga. Barua zako tatu zilifika, na sikuwa mgonjwa. Ni magoti tu yanayolalamika. Sikujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia nusu ya ukweli, na nusu nyingine ilikuwa bado hainitoki. Kifua chako kinaendeleaje? Unyevu wa Toamasina si wa kuchezea, jifunike.

Habari ya kiwanja chako umekwisha kuisikia. Maafisa wa ramani walipigilia vigingi vyekundu, na chini ya vigingi hivyo, hadi mto Ikopa, haijengwi nyumba wala shamba la mpunga halijazwi udongo. Kiwanja chako chote kimo chini. Najua ulistaafu bandarini ukitegemea kurudi nyumbani, na matofali ulikwisha kuyanunua. Najua pia ulivyomlaani mzee aliyewaonyesha maafisa alama ya maji. Uliandika kwamba ni mchawi asiye na haya, na kwamba ukimjua hutakula naye wali wa chungu kimoja.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Maji yaliishia hatua mbili chini ya vigingi. Bata wa jirani yetu Bakolinoro waliogelea juu ya matofali yako, naye akanipigia kelele toka uani: "Mama Mwalimu, mwambie mdogo wako wapangaji wameshaingia, hata paa hajaezeka!" Nilimkemea, kisha nikaenda kucheka jikoni.

Baada ya hapo niliwaita ndugu kula kwangu, nikawaambia kwamba nataka ujenge juu kwenye mwinuko, kaskazini ya nyumba yangu, nilipopanda mihogo. Unawajua watu wetu: mkubwa hukaa kaskazini, mdogo kusini yake, na kusini yangu ni maji matupu. Baba mdogo Ralaimanga aliweka kijiko chini. Alisema katika maisha yake hajaona mdogo akimkalia dada yake kichwani, akauliza kama kesho utataka pia nikubebe mgongoni. Nilimjibu kwamba nilikubeba mgongoni miaka miwili, na ulikuwa mzito. Akauliza watu watasemaje. Nikamwambia watasema Razanamasy ana ndugu aliye hai na mkavu. Bakolinoro, ambaye hakualikwa, alipiga makofi dirishani.

Sasa nisikilize, Ratsimba. Mtu uliyemlaani ni mimi.

Maafisa waliwauliza wazee wote mafuriko ya mwaka wa hamsini na tisa yalifika wapi. Mmoja baada ya mwingine walionyesha karibu na mto, kila mtu akikiokoa kiwanja chake. Baba mdogo alionyesha hata chini ya tuta la mto. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikasimama juu ya kinu cha mama huku maji yakinifika kiunoni, mahali pale pale unapotaka kuweka kitanda chako. Niliwapeleka maafisa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, nikawaonyesha mkwaruzo aliouchora baba kwa kisu siku maji yalipoanza kushuka. Afisa aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana kiwanja ni cha ndugu yangu. Nilimwambia kwamba kwa miaka thelathini na minane nimewafundisha watoto kuandika lililo sahihi, na sikuona sababu ya kuacha siku hiyo.

Kwa alama ile sikuombi radhi. Baba aliichora ili isomwe, na nimeisoma. Nakuomba radhi kwa miezi hii minne niliyokuacha umlaani dada yako bila kujua.

Ndugu hawakuafikiana siku ile; watakutana tena Jumapili ijayo baada ya ibada. Matofali yako, hata hivyo, hayakuwangoja. Wanawake wa kwaya na mimi tumeyapandisha yote, tukayasuuza matope, na nimeyapanga kaskazini ya nyumba yangu, mahali ambapo kila apitaye atayaona.

Msalimie wifi yangu, umwambie nimemwachia nafasi ya jiko upande wa mashariki wa mihogo. Ndugu wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Dada yako,
Razanamasy