Jirani Hakuniuliza Mara ya Pili

Jumatatu, 9 Januari

Salamu, daftari. Hujambo? Za safari? Ulikuja nami sandukuni kutoka Grimsby, Uingereza, katikati ya soksi za mume wangu Clive, na leo ndiyo kwanza nakufungua. Mimi mzima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Moyo ndio una baridi.

Clive kaondoka alfajiri. Meli ya kampuni yake ya hapa inachimba mchanga wa baharini huko mbali, hatarudi karibuni. Mlangoni akasema kwa upole: Gaynor, ikifika Pasaka hujapata mtu hapa Uholanzi wa kuzungumza naye, rudi nyumbani kwa dada yako. Nitakuwa nakuja likizo.

Upole wake ndio ulioniuma! Sikuolewa ili nitembelewe.

Alhamisi, 12 Januari

Sokoni. Nilijipanga mbele ya kioo tangu asubuhi: naomba nusu kilo ya jibini, ile iliyokomaa. Nikaisema yote kwa Kiholanzi, bila kukwama! Jannie muuza jibini akatabasamu, akanijibu kwa Kiingereza safi kuliko changu.

Ni wema wao. Wote hapa wako hivyo. Kama mtu anayekupokea mzigo mkononi wakati wewe ndio kwanza unajifunza kubeba.

Lakini! Bi Neeltje wa nyumba ya kushoto, mjane, hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Nilimkuta akisugua madirisha yake. Akaniambia polepole, neno moja moja, nikaelewa yote: "Jirani, njoo kwangu Alhamisi ijayo, saa nne, tunywe kahawa. Tutaongea. Utajifunza."

Moyo uliruka! Nikamjibu kama mama alivyonilea: "Aa, hapana, nisikusumbue."

"Haya," akasema. Akarudi kwenye dirisha lake.

Nimelala kitandani nacheka peke yangu. Kesho atanibembeleza.

Jumapili, 22 Januari

Hakunibembeleza.

Kanisani zaburi wanaziimba taratibu mno, hata nawahi kila neno. Hapo peke yake ndipo hakuna anayenigeuzia lugha. Bi Neeltje alikaa mbele yangu. Tulipotoka akaniinamishia kichwa — basi. Nimemkosea nini?

Jumatano, 8 Februari

Mvua. Tangu juzi mdomo wangu umesema "asante" kwa mtu wa malipo dukani, na "amina" peke yangu jikoni. Clive alipiga simu. Nikamwambia ninaendelea vizuri. Mungu anisamehe.

Alhamisi saa nne husikia vikombe vyake ukutani, akinywa na dada yake. Kesho nitavisikia tena.

Ijumaa, 17 Februari

Leo Jannie kaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida: "Vipi, mpenzi, mbona uso umekushuka?" Nikammwagia yote, katikati ya foleni.

"Subiri. Ulimwambia hapana?"

"Ya adabu tu."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Adabu gani hiyo? Umesema hapana, akufunge kamba akuvute? Hapa hapana ni hapana, kama jibini ni jibini. Huyo mama labda naye anajiuliza amekukosea nini!"

Nikamwambia kwetu ukikubali mara ya kwanza utaonekana mlafi. Sharti uombwe tena.

"Basi utaombwa Grimsby," akasema. "Hapa nenda ukamwambie unataka. Na umwambie kwa Kiholanzi, usinitume mimi."

"Basi zungumza nami Kiholanzi wewe!"

"Na foleni hii? Nenda, nenda!"

Na foleni nzima ikacheka. Hata mimi.

Jumamosi, 18 Februari

Niandike upesi.

Kutwa nzima nilikuwa narudia sentensi zangu. Ziliponikaa sawa tu nikatoka, nisije nikazipoteza. Nikabonyeza kengele yake. Saa kumi na mbili jioni! Saa ya chakula! Hapa hata mchungaji habonyezi kengele saa hiyo. Najua — na nilisahau.

Akafungua, kitambaa cha meza mkononi. Harufu ya viazi. "Tunakula," akasema.

Ulimi wangu ulikuwa tayari: samahani, nitarudi. Miguu ikagoma. Nikasema kwa Kiholanzi changu kibovu: "Bi Neeltje, nilisema hapana. Lakini nilitaka. Nataka kunywa kahawa kwako. Nataka kuongea."

Akanitazama. "Mbona hukusema?"

"Ni adabu ya kwetu."

"Mh."

Ndani dada yake akaita: "Nani huyo, Nel? Viazi vinapoa!"

"Mwingereza wa jirani! Kumbe alikuwa anataka!"

"Sasa alikataa nini?"

"Muulize Mungu!"

Nilielewa kila neno. Kila neno! Nilitaka kulia na kucheka.

Akasema ataangalia kitabu chake cha miadi, atanijulisha. Akaanza kufunga mlango. Mlango ukasimama, pua yake ikatokea.

"Na maziwa, au bila?"

Nikaisikia ile ya mama ikipanda kooni: yoyote tu, usijisumbue. Nikaimeza.

"Na maziwa."

"Sawa." Mlango ukafungwa.

Siku hakutaja. Sasa nimekaa hapa, sikio ukutani kama mwizi. Wanaosha vyombo. Wamenyamaza. Wanaongea tena — chini chini, sielewi.

Bwana Mungu, safari hii nimesema nataka, tena mara ya kwanza. Nakuomba, nijibu upesi.