Kwa Mama Maulizo, Aliyenyimwa Jibu Moja

Leo umetimia mwaka, Mama Maulizo, tangu ulipofumba macho kwenye kitanda cha karibu na dirisha, wodi ya wanawake, huku binti yako amekushika kidole gumba kwa sababu sehemu nyingine zote za mkono zilikuwa zinauma.

Kaka yako alitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe fupi: picha yako, tarehe mbili na maneno matamu. Alisema hospitali isitajwe, watu watatuona hatuna adabu. Tulimsikiliza hadi mwisho, halafu kalamu tukampa mdogo wako, ambaye ulimi wake unaujua mwenyewe. Utuvumilie.

Wasiokujua na waambiwe kwamba miaka ishirini na sita ulikaa kwenye dirisha la maulizo la stesheni ya reli. Tundu la kile kioo lilikuwa juu mno kwa watu wafupi, ukaleta kigoda kutoka nyumbani, ukakiweka upande wao. Hukuwahi kumwambia msafiri "subiri" ukaishia hapo. Ulipiga simu stesheni ya mbele, ukauliza, kisha ukainamia kipaza sauti: "Treni ya saa nne imekwama. Injini imezima, fundi ameshafika. Haifiki kabla ya saa saba. Mwenye mtoto amlishe kwanza." Watu walinuna, wengine walikutukana, lakini walijua la kufanya.

Nyumbani ulikuwa vilevile. Mumeo alikuwa akitania kwamba hata ukimkasirikia unampa ratiba: "Sitaongea na wewe mpaka jioni, na sababu ni mbili." Na kweli, jioni ikifika unaongea. Tunalikosa sana jambo hilo, kukasirikiwa na mtu anayeeleza.

Basi wewe, mwenye tabia hiyo, ukaota uvimbe kwenye titi la kushoto, ukapelekwa mahali ambapo kueleza ni kazi ya mtu mwingine siku zote. Daktari alimtupia nesi, nesi akamtupia daktari. Titi likakatwa. Kidonda kilipopona wakasema sasa ni dripu, chumba namba sita, kila baada ya wiki tatu.

Binti yako alikuwepo siku ulipouliza. Ulikaa wima, mkoba mapajani, kama mtu aliyekwenda kwa bosi.

"Daktari, hiyo dawa ikiingia mwilini itanifanyaje?"

"Itakutibu, mama."

"Kunitibu najua. Nauliza, nikifika nyumbani nitegemee kuona nini?"

"Mama, ukianza kuulizauliza utajitia hofu bure. Tuachie sisi."

Ukatoka ukamwomba nesi karatasi yoyote ya maelezo. Akafungua droo, akapekua, akakupa kipeperushi chenye picha ya mama anayenyonyesha kichanga. Ulikuwa na miaka hamsini na minne na titi moja. Ukamwambia, "Mwanangu, hiki si changu." Akasema, bila hata kuinua macho, "Chenu kimeisha. Hicho nacho ni cha matiti." Ulitusimulia ukicheka. Sisi tulicheka pia, tukijifanya.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu, kama juisi ya watoto. Ilipoisha ulirudi nyumbani mchana, ukala kidogo, ukaenda chooni. Tulisikia ukimwita mumeo kwa sauti ambayo hatukuijua. Mkojo ulikuwa mwekundu.

Mumeo alipiga simu hospitali. Mtu mmoja akapokea.

"Mke wangu anakojoa damu!"

"Tarehe yake ya kliniki ni lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi aje tarehe hiyo," akasema, akakata.

Ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukafikiri kama ulivyozoea kufikiri, kwa kile kidogo ulichokuwa nacho. Imeingia dawa, imetoka damu. Ukakata kauli: "Hii dawa inanichana ndani. Sirudi." Na sisi, tuseme ukweli hadharani, tulikuunga mkono. Kaka yako alisema wewe si panya wa majaribio. Mdogo wako, huyuhuyu anayeandika, aliichana kadi ya kliniki kwa mkono wake na kujiona jasiri. Hata kesho yake mkojo ulipokuwa mweupe tulisema, unaona, kuikataa dawa kumekuponya. Tunajichukia kwa siku ile, na chuki hiyo hatuombi mtu atuondolee.

Kwa miezi mitatu ulirudi kazini. Kisha ukaanza kukohoa kwenye kipaza sauti, abiria wakakuuliza hali wewe. Tulipokurudisha hospitali, kwenye benchi la chumba namba sita ulikaa na mwanamke fundi viatu, mcheshi, kipara kimefunikwa na kofia ya mwanawe. Ukamnong'oneza habari ya damu. Akapiga paja lake.

"Dada yangu, ile ni rangi! Dawa nyekundu, mkojo mwekundu. Kesho yake imekwisha. Mimi nilipiga mayowe jirani akaruka ukuta!"

Hukucheka. Ulimgeukia nesi ukamuuliza kama ni kweli, naye akakutazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Ndiyo. Kwani hukuambiwa?"

Ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni. Labda ungeingia hata kama dripu zote ungezimaliza. Hatujui, na hilo nalo hakuna aliyejisumbua kutueleza. Miezi mitano baadaye ulikuwa umekwenda.

Tulipokwisha kukuzika tulikaa miezi miwili, kisha tukaenda kumwona mkuu wa kliniki: mumeo, binti yako na mdogo wako. Ni mtu safi, mezani pake hapana hata vumbi. Alitupa pole, akasema malalamiko ameyapokea, ila marehemu alielezwa kila kitu na ushahidi upo. Akafungua faili lako, akatugeuzia fomu.

Ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na kila mmoja umetiwa alama ya vema. Mstari wa saba ulisema hivi: "Mgonjwa ameelezwa kwamba mkojo utakuwa mwekundu kwa siku moja au mbili kwa sababu ya rangi ya dawa, na kwamba hiyo si damu."

Chini palikuwa na saini yako, imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Binti yako akaitambua. Alikumbuka siku ile. Ulikuwa umeshaketishwa kwenye kiti, sindano imeingia mkono wa kulia, dawa inashuka, ndipo nesi akaja mbio: "Saini hapa, mama, faili linatakiwa." Ulisaini kwa mkono wa kushoto. Binti yako ndiye aliyekushikia karatasi, imekunjwa, sehemu ya saini tu ndiyo iko juu.

Mumeo, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaingia kiganjani, aliichukua fomu akausoma mstari wa saba kwa sauti. Hakuhitaji hata kuvuta pumzi ya pili. Mkuu wa kliniki akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema, "Ndiyo huo." Mumeo akarudisha karatasi, akatoka nje, akatema mate kwenye ngazi za hospitali, yeye ambaye kwa miaka thelathini aliwakemea watoto wenu kwa kutema mate njiani.

Tumeambiwa muda hupunguza. Kwetu haujapunguza kitu. Tukilipita jengo lile tunasikia kichefuchefu, si kwa sababu ulifia mle, maana watu hufa, bali kwa sababu jibu lako walikuwa nalo kwenye fomu yao, limechapwa vizuri, na kazi waliyoipa ni kuwalinda wao.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na kaka yako, ambaye amelisoma tangazo hili na hakufuta neno. Na mdogo wako, aliyechana kadi. Na wenzako wa stesheni. Na wajukuu wawili. Unakumbukwa na binti yako, ambaye kila Jumanne huomba ruhusa kazini, akaenda kukaa kwenye benchi la chumba namba sita, na kuwaambia wanawake maneno ya mstari wa saba kabla hawajaitwa ndani. Wiki iliyopita mlinzi alimshika mkono kumtoa. Alimaliza sentensi kwanza.

Hutatutoka moyoni, siku zote tulizobakiza.