Breki za Ombeni na Pikipiki za Silinda Mbili

Black Rock, Buffalo
Mwezi wa pili, 2015

Mdogo wangu Amani,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya bati la Baba. Mgongo wa Mama unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua ilifika? Sisi tu wazima. Theluji imefika madirishani, watoto wanaishangilia kwa Kiingereza na mke wangu anailaani kwa Kiswahili. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu Mama hukaa karibu, na nina jambo nataka ulisome kwanza ukiwa peke yako.

Nimepata ujumbe wako kuhusu pikipiki za silinda mbili. Unasema mfanyabiashara wa Bujumbura atakupa uwakala wa Bukavu, kwamba mtauza kiwanja cha Baba ili kuleta za kwanza, na kilichobaki ni neno langu mimi mkubwa wenu. Nimekaa na ujumbe huo majuma matatu. Usidhani nimekudharau.

Niliulizauliza. Louisville, mji wetu wa kwanza huku Marekani, sikujua lolote, nilikuwa nafungasha maboksi na kulala tu. Tulipohamia Columbus, kitongoji cha Reynoldsburg, nilifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya pikipiki, nikaanza kupekua majarida yaliyoachwa mezani. Hapa Buffalo kiwandani nasimama na mzee mmoja wa Burma, aliyeishi kambini Thailand kama sisi tulivyoishi kambini Burundi. Mpwa wake anauza pikipiki Bangkok. Mzee anasema soko lipo kweli: vijana wa huko wameanza kupata mishahara, wamechoka na vipikipiki vya baba zao, wanataka mashine ndogo yenye silinda mbili, inayolia kwa sauti nyembamba, ya kuendea kazini na kujionyesha Jumapili. Zinatengenezwa hukohuko Thailand na Indonesia, na India nako zinaingia. Kuna hata uvumi kwamba zile ndogo za silinda nne zitarudi. Nikamuuliza, je, wanaobeba watu na mizigo? Akacheka. Hao, akasema, wako palepale kwenye silinda moja: plagi moja, mafuta kidogo, na fundi yeyote anaiweza.

Sasa ndugu yangu, nani Bukavu atanunua pikipiki ya kujionyesha? Ataibebesha magunia ya mihogo na abiria wawili, nayo itammalizia mafuta. Akifika mteremko wa Ngomo atafanya nini? Unajua atakachofanya. Atazima injini, ataitoa kwenye gia, ataiacha ishuke yenyewe hadi karibu na Kamanyola. Sote tulifanya hivyo. Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba natoka juu mpaka chini bila kuchoma hata tone.

Nilitaka kuishia hapa, lakini nimeshaanza.

Tangu Ombeni wetu aanguke Ngomo, watu wamesema ni breki, kwa kuwa wewe ndiye uliyezibadilisha jioni ya kuamkia siku ile. Shemeji Furaha alisema msibani mbele ya watu wote, "Amani ndiye alifunga zile frein." Mjane wa ndugu yetu, nani angembishia? Na wewe ulikubali. Naambiwa mpaka leo mteja akileta kazi ya breki unampeleka kwa fundi wa jirani.

Amani, breki zako hazikuwa na kosa.

Asubuhi ile tulipanda wawili, mimi mbele na pikipiki yangu ya silinda moja, Ombeni nyuma na ile nzito ya silinda mbili aliyoinunua mkononi mwa mtu. Juu ya Ngomo tulisimama. Akanilalamikia mimi kaka yake juu ya mafuta ya pikipiki, "Yaya, hii moto yangu inakunywa essence mubaya. Nitarudia na nini?" Nikamjibu, "Bon, uzime moteri, uiache ishuke tu. Miye niko nafanya vile kila siku." Alisita. Akasema ni nzito, na amebeba mzigo. Nikamcheka, nikamwita bibi harusi. Akazima.

Mashine nzito isiyoshikwa na injini huziachia breki kazi yote, nazo zikishachemka hazishiki tena. Hilo ulinifundisha wewe, nami nililipuuza. Alinipita kwenye kona ya tatu bila sauti yoyote ila ya matairi. Aligeuza uso, akanitazama.

Nilimfikia kabla ya watu. Ufunguo ulikuwa umezimwa. Niliugeuza ukae kama wa pikipiki inayowaka, nikaingiza gia, watu wasijue aliizima, ndipo nikaita msaada. Nilianza na ufunguo, Amani, kabla ya kumshika ndugu yangu. Sijui kama alikuwa bado anapumua.

Nilidhani nikivuka bahari Ombeni atabaki huko. Louisville alinikuta. Columbus nilihama nyumba mara mbili. Hapa theluji ikijaa barabarani magari hupita polepole, husikii injini, unasikia matairi tu, nami nageukia ukuta nisimwone akinitazama. Mke wangu huuliza, "Baba Neema, uko naona nani?" Namwambia ni upepo. Naogopa, mdogo wangu. Nina miaka arobaini na tatu na naogopa dirisha.

Kuhusu pikipiki, ushauri wangu ni usizilete. Za Asia ziache zifanye biashara Asia. Lakini neno la kiwanja sina haki ya kulitoa. Mtu aliyenyamaza miaka tisa huku mdogo wake akibebeshwa kifo hawezi kuitwa mkubwa wa nyumba. Amueni ninyi, na Furaha awepo, maana watoto wa Ombeni wana sehemu yao pale.

Mama umwambie taratibu, akiwa ameshakula, na baba mdogo awe karibu naye. Msalimie shangazi wa kwaya, na mkeo, na wanao ambao nawajua kwa picha tu. Shemeji Furaha usimpe salamu zangu. Mpe barua yenyewe aisome kwa macho yake, na wewe usitoke nje. Kaa mbele yake mpaka amalize.

Ni mimi kaka yako,
Bahati